Kizuri Hakijiuzi Kikikosa Jina

Kwenye maduka ya nguo ya Darajani mjini Zanzibar, ya Mombasa na ya Kariakoo, kofia mbili nyeupe huweza kukaa rafu moja na mpita njia asione tofauti. Moja imetoka kwenye mashine ya kudarizi ya kiwanda cha ng'ambo, iliyoikamilisha kwa muda mfupi sana. Nyingine imeshonwa kwa sindano, kiua baada ya kiua, na mtu wa Unguja, Pemba au Lamu aliyeishika kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi. Mteja akiuliza, atatajiwa bei mbili. Akiuliza kwa nini zimepishana hivyo, ataambiwa kwamba hii ni ya mkono, basi. Hakuna alama, karatasi wala jina la kumthibitishia. Tumezoea kulalamika kwamba mashine inaiua kofia ya mkono. Hoja yangu ni kwamba mashine isingeiweza kofia hiyo kama tungeipa jina linalotambulika na kulindwa, na kama bei yake ingehesabiwa kwa saa za aliyeishona. Mambo hayo mawili yameshikana, kwa sababu saa za mtu asiyejulikana hakuna anayezilipia.

Kofia ya viua hushonwa kwa vitambaa vyeupe vya pamba vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, katika vipande viwili: duara la juu na mzingo unaokizunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza, kisha vitambaa hufungamanishwa kwa mishono midogo inayoufuata mchoro. Ndipo huja matundu. Kila tundu hutobolewa kwa mkono na mdomo wake ukazungushiwa uzi mpaka ukakaza, na kofia yenye kazi nyingi hubeba mamia ya viua vya namna hiyo. Matundu hupitisha upepo, na hiyo si faida ndogo kwenye joto la pwani. Uzi unaoyazunguka huipa kofia ugumu wa kusimama kichwani na kustahimili kufuliwa na kutiwa wanga mwaka hadi mwaka. Mshonaji akikosea ulingano wa nakshi upande mmoja, kosa hujitokeza pale vipande vinapokutana, na kufumua ni kuitupa kazi ya siku nzima. Yote haya hufanyika zaidi nyumbani, katikati ya kupika na kulea, na kwa sababu hufanyika nyumbani imezuka dhana kwamba ni kazi ya kupitishia wakati. Dhana hiyo ndiyo ya kwanza kumpunja mshonaji, kabla hata dalali hajabisha hodi.

Thamani ya kofia hii haikuzuka jana. Katika karne ya 19 kanzu na kofia zilikuwa vazi la kiungwana katika pwani yetu. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, watu waliotoka utumwani walivaa kanzu na kofia kwa wingi, maana vazi lilikuwa tamko la wazi kwamba anayelivaa hana bwana. Mshono huu haukubaki mahali pamoja pia. Ngazija na visiwa vingine vya Komoro vina kofia zao za kushonwa kwa mkono, ambazo huonekana sana kwenye harusi kubwa. Nchini Oman kofia ya aina hii huitwa kumma na ni sehemu ya vazi la taifa, na miongoni mwa wanaoivaa wamo wengi ambao wazazi wao walizaliwa Unguja au Pemba na wangali wanazungumza Kiswahili nyumbani. Wateja wanaojua nini wanachotaka wapo Stone Town, Lamu, Moroni na Maskati. Harusi zipo, Idi huja mara mbili kwa mwaka, Maulidi husomwa kila mwaka. Anayesema kwamba kofia ya mkono imekosa soko hana budi kueleza kwa nini watu hawa wote bado wanaitafuta.

Jibu la haraka huwa ni methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kama kofia ya mkono ni bora kweli, ubora wake utajitetea sokoni bila msaada wa mtu. Methali hii ina ukweli pale tu mnunuzi anapoweza kukiona kizuri. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na hoja yake yaieleza rafu ile ya kofia vizuri kuliko methali. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hukubali kulipa bei ya katikati tu. Bei hiyo humtosha mwenye gari bovu na humwumiza mwenye gari zima, kwa hiyo mwenye gari zima huliondoa sokoni, na polepole soko hubaki na mabovu. Sasa badala ya magari tuweke kofia. Mteja asiyejua kutazama viua ana haki ya kuogopa kwamba anauziwa ya mashine kwa bei ya mkono. Hofu humfanya apunguze ofa. Ofa ikishuka, mshonaji hodari huona heri auze chapati, na binti yake hajifunzi kushika sindano. Hakuna aliyemfukuza kazini. Amejiondoa mwenyewe kwa hesabu iliyo sahihi kabisa.

Hesabu yenyewe tuifanye kwa mfano. Tuchukulie mshonaji anashona saa 3 kwa siku kwa siku 60. Hizo ni saa 180. Tuchukulie kofia inauzwa dukani kwa shilingi 90,000 za Tanzania, bei ambayo mpita njia ataiona kubwa. Mwenye duka na dalali wakichukua theluthi moja, zinabaki shilingi 60,000. Kitambaa, uzi na sindano vikila shilingi 6,000, mshonaji anabaki na 54,000. Gawa kwa saa 180: kila saa imempa shilingi 300, fedha isiyotosha nauli ya safari moja ya daladala Dar es Salaam. Bei ya dukani inaweza kupanda au kushuka na siku za kazi zinaweza kuongezeka, lakini msomaji akibadilisha tarakimu hizo kwa kiasi chochote kinachoingia akilini ataona kwamba ujira wa saa moja unabaki mdogo vilevile. Mteja anadhani amelipa ghali na mshonaji anajua amelipwa kidogo, na wote wawili wanasema kweli. Kinachowatenganisha ni kwamba saa 180 hazikuandikwa popote. Kofia ilipofika dukani ilikuwa imekwisha kupoteza historia yake.

Kuiandikia kazi ya mkono historia yake ni jambo linalowezekana, na wenzetu wa visiwa vingine wamelifanya. Kaskazini-magharibi mwa Scotland, katika visiwa vya Outer Hebrides, watu hufuma nyumbani kwao kitambaa cha sufu kiitwacho Harris Tweed. Wao pia walivamiwa na vitambaa vya viwandani vilivyoazima jina lao. Walijibu kwa kusajili alama ya biashara mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1993 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayosema kwamba kitambaa hakiwezi kuitwa Harris Tweed mpaka kiwe kimefumwa kwa mkono na wakazi wa visiwa hivyo, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Kitambaa hukaguliwa ndipo kikapigwa mhuri. Wafumaji wale hawakuzuia viwanda vya dunia kutengeneza vitambaa vya sufu. Walichozuia ni mtu kuuza jasho asilolitoa. Upande wa pili wa funzo hilo uko kwenye kofia ya Panama. Kofia ile ya nyuzi nyembamba za majani husukwa Ekwado, wala haikuzaliwa Panama. Ilipata jina la mahali ilipopitia kwenda kuuzwa, na dunia ikalishika jina hilo. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza usukaji huo wa Ekwado kwenye orodha ya urithi wa binadamu, lakini mpaka leo msusi wa huko hulazimika kumweleza mgeni kwamba kofia ya Panama ni ya kwao. Jina likishapotea, kulirudisha huchukua vizazi.

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008, inayotambua alama za pamoja na majina ya bidhaa yanayotokana na mahali zinakotoka. Nchini Kenya wasusi wa vikapu wa Taita walikwisha kupata alama ya pamoja, ili kikapu chao kitambulike kati ya vikapu vingine. Lugha yetu pia haijapungukiwa, kwa kuwa kofia ya viua, bulibuli na kofia ya kazi ni maneno ambayo Kiswahili kimeyahifadhi kwa muda mrefu, nayo yanatofautisha kazi na kazi. Tulichobakiza ni kukaa pamoja, washonaji wenyewe wakiwa mbele, na kuandika masharti: imeshonwa wapi, imeshonwa kwa vifaa gani, idadi ya viua isipungue kiasi gani kwa kila daraja, nani atakagua. Kisha iwepo lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya mzingo, yenye alama hiyo, mahali ilikoshonwa, siku zilizotumika na, mshonaji akiridhia, jina lake.

Wapo watakaosema njia fupi zaidi ni ushuru: bidhaa za nje zitozwe mpaka kofia ya mashine iwe ghali kama ya mkono. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha juu cha ushuru wa forodha cha asilimia 35, na katika orodha ya bidhaa zinazoguswa zimo nguo na kofia. Kofia ya mashine ingali inauzwa kwa bei ambayo mshonaji wa mkono hawezi kuikaribia, maana pengo kati yao halihesabiwi kwa asilimia 35. Ni pengo la dakika kwa miezi. Ushuru wa kuliziba ungelazimika kuwa mkubwa kiasi cha kuyafanya magendo kuwa ajira mpya ya majahazi. Ushuru una kazi yake kwa wenye viwanda vya ndani wanaoshindana na viwanda vya nje. Mshonaji wa mkono hashindani na kiwanda, ila analazimishwa kusimama nacho rafu moja.

Tena tukiitoza kofia ya mashine kupita kiasi tutamdhulumu mtu mwingine. Kijana wa bodaboda anayetaka kofia safi ya kwendea msikitini Ijumaa, mzazi mwenye wana watano wa kuwavisha Idi, mwanafunzi wa madrasa, hawa wote wana haki ya kofia wanayoimudu. Kwao mashine imeleta heri, na sitaki heri hiyo iondolewe. Ndiyo maana nashikilia suala la jina. Kofia ya mashine iuzwe kwa jina la mashine, kwa bei ya mashine, bila aibu. Hapo haitamdhuru mtu. Madhara huanza pale inaponyamaziwa, au inaposifiwa kuwa ya mkono mbele ya mgeni asiyejua kuigeuza atazame ndani.

Pingamizi zito zaidi ni lile la bei: mshonaji akidai saa zake zote, nani atanunua? Hapa lazima tukubali ukweli. Kofia yenye miezi miwili ndani yake haitakuwa vazi la kila siku la kila mtu, na huenda haikuwa hivyo hata zamani. Itakuwa kofia ya bwana harusi, ya zawadi kwa baba mkwe, ya mgeni anayetaka kuondoka na kitu cha kweli, ya Momani anayetaka kumma ya mkono na kujua imetoka wapi. Soko hilo ni dogo kwa idadi, lakini kazi ya mkono haihitaji idadi kubwa. Mshonaji mmoja hutoa kofia chache tu kwa mwaka. Anachohitaji ni kutopunjwa katika hizo chache. Taquile ni kisiwa katika Ziwa Titicaca, Peru, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu kwa sindano, na sanaa yao ya nguo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa kulindwa. Wana kisiwa wale huuza katika duka la ushirika la jamii, kwa bei iliyokwisha kupangwa, na mgeni hakuti mfumaji mmoja akimvunjia mwenzake bei mlangoni. Mtu mmoja mwenye njaa akibaki peke yake na dalali, dalali ndiye hupanga bei. Watu hamsini wakiwa na orodha moja ya bei, dalali hulazimika kuisoma.

Ushirika wa namna hiyo ukiundwa kwetu, uongezewe desturi moja tunayoijua vizuri katika biashara nyingine: arubuni. Fundi seremala hakati mti wa kitanda cha harusi kabla hajashikishwa kitu, lakini mshonaji wa kofia hutarajiwa anunue kitambaa kwa fedha yake, ashone miezi miwili, kisha azunguke na kofia iliyokwisha akitafuta mnunuzi. Mtu wa namna hiyo akifikiwa na ada ya shule au ugonjwa huuza kwa bei yoyote. Kofia ikiwa imeagizwa na arubuni imetolewa, mshonaji hakabiliani na shida akiwa na kofia mkononi na tumbo tupu. Simu imerahisisha jambo hili. Aliye Maskati au London anaweza kuona nakshi, kuchagua, kutuma arubuni na kufuatilia kazi inavyokwenda. Hata hivyo simu bila alama ya kuaminika itawapa nafasi matapeli kwanza, maana picha ya kofia ya mkono na ya mashine hufanana zaidi ya kofia zenyewe. Hapo tena tunarudi kwenye jina.

Kuna wanaopinga kwa moyo mwema kabisa. Wanasema hii ni kazi inayoumiza macho, inayowafungia wanawake ndani kwa ujira wa njaa, na kwamba kuisifu ni kuwataka wasichana waache shule wainamie sindano. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo nimeikubali katika hesabu ya shilingi 300. Ujira wa njaa ndio ninaoupinga. Macho nayo ni suala la kweli, kwa sababu mtu akipita miaka 40 uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua, na hapo ndipo mshonaji mwenye ujuzi mwingi huanza kukosea kiua. Lakini dawa yake ni miwani ya kusomea, kitu cha bei ndogo. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani hiyo watu wa umri wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi zinazohitaji kuona karibu, wakiwemo mafundi wa nguo. Baada ya miezi minane kipato chao cha wastani kilikuwa kimezidi kwa theluthi moja kile cha wenzao wasiopewa. Halmashauri inayotaka kuwasaidia washonaji ianze hapo kabla ya kuwapa semina nyingine ya ujasiriamali. Na msichana aende shule, amalize. Ufundi unaolipwa vizuri hauhitaji kumtoa mtoto darasani. Humvuta mtu mzima aliyechagua. Unaohitaji watoto ni ule usiolipa.

Pingamizi la mwisho ni la wivu wa jirani: kofia hii ni ya nani hata isajiliwe? Mzanzibari ataidai, Mlamu ataidai, Mngazija na Momani wataidai, na kila mmoja ana ushahidi wake. Sioni haja ya kuwapatanisha. Alama ya mahali haisemi kwamba wengine hawajui kushona. Inasema tu kwamba kofia hii iliyo mkononi mwako ilishonwa Lamu, au Pemba, kwa masharti haya. Lamu iwe na yake, Zanzibar iwe na yake, Ngazija wawe na yao, na mnunuzi ajifunze kutofautisha nakshi kama anavyotofautisha mapishi ya pilau. Wapo pia wanaohofu kwamba alama itaghushiwa, au itatekwa na matajiri wachache. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba ukaguzi na usajili uwe mikononi mwa chama cha washonaji, hesabu zake zisomwe mbele ya wanachama, na ofisi ya serikali ibaki na kazi ya kumwadhibu anayeghushi. Noti hughushiwa pia, wala hatujaacha kuchapa fedha.

Haya yote hayasubiri bajeti kubwa. Mwenye duka anaweza leo kutenga rafu mbili na kuandika juu yake neno mkono na neno mashine. Kikundi cha washonaji kinaweza wiki hii kuanza daftari la siku na saa, ili kikikutana na dalali kiwe na hesabu ya kumwonyesha. Wizara zinazohusika na utamaduni na biashara, Unguja na Nairobi, zinaweza kuwalipia washonaji ada ya usajili na kuwapa mwanasheria. Mnunuzi naye ana sehemu yake, na kwa sasa ndiyo kubwa kuliko zote. Anayeandaa harusi hukagua nyama, hukagua vitambaa, hujadiliana na wapambaji kwa wiki kadhaa. Afikapo kwenye kofia ya bwana harusi aigeuze, atazame ndani ya mzingo, amuulize muuzaji imeshonwa na nani na kwa siku ngapi. Muuzaji akilikosa jibu mara tatu kwa siku, mara ya nne atakwenda kulitafuta kwa mshonaji mwenyewe.